Msaada: PS3 inang'aa kwenye menyu, nikiingia kwenye gemu picha inafubaa

Banda la Kona

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijarudi dukani kugombana na mtu.

Nina banda dogo la gemu hapa Morogoro, TV mbili na PS3 (PlayStation 3) Slim mbili, zote mtumba. Miaka yote nimetumia TV za chogo na ule waya wa AV wa njano, mwekundu na mweupe, na maisha yalikuwa yanaenda. Mwezi uliopita nikaona na mimi niwe wa kisasa, nikachukua flati mbili za inchi 32. Katoni imeandikwa "FULL HD 1080p" kwa herufi kubwa kama bango la mgombea. Nikanunua waya za HDMI, nikaanza na PS3 moja. Nikaingia kwenye setingi zake za picha, nikatoa tiki zote nikaacha ya 1080p peke yake, maana ndiyo kubwa na ndiyo iliyoandikwa kwenye katoni.

Sasa sikilizeni maajabu. Menyu ya PS3 ni safi, maandishi makali kama wembe. Nikiweka FIFA 14 kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu, halafu picha inarudi imefubaa. Namba za jezi husomi, nyasi kama uji wa dona. Juu kushoto saa inakatwa, dakika ya 78 unaona 8 tu, watu wanabishana kama mpira umebaki muda gani. Na vijana wanalalamika pedi inachelewa: "Nimeminya shuti, beki kashafika ndo anapiga." Hili la mwisho nililichukulia kama visingizio vya waliofungwa, ila sasa hata washindi wanalalamika.

Muuza duka kaniambia waya wangu ni feki, nichukue wenye ncha za dhahabu, 25,000. Nimeuchukua. Hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Nawasilisha.

Mzee wa Pedi

Mkuu PS3 imeshazeeka hiyo. Uza zote mbili, ongezea hela, chukua PS4 moja. Mtaji hauogopi.

Banda la Kona

Mzee, hiyo "ongezea hela" umeitamka kirahisi sana.

Dada Waya

Usiuze kitu. Fanya jambo moja tu kwanza. Ukiwa kwenye menyu ya PS3 minya INFO kwenye rimoti ya TV, soma kinachotokea pembeni. Halafu ingia FIFA, mechi ikiwa inachezwa, minya tena INFO. Tuletee vyote viwili.

Banda la Kona

Nimefanya. Kwenye menyu imeandika 1920x1080 60Hz. Ndani ya FIFA imeandika 480p.

480?! Si nilichagua 1080 kwa mkono wangu mwenyewe?

Dada Waya

Ndiyo hapo penyewe. Ulichagua 1080 na ukakataza nyingine zote, hizo tiki ni ruhusa. PS3 inaangalia vitu viwili: umeiruhusu kutoa picha za ukubwa gani, na gemu yenyewe inajua kutoa ukubwa gani. Kisha inachukua kikubwa kinachopatikana pande zote mbili. Geuza kasha la FIFA 14 usome nyuma, chini kwenye vialama vidogo. Utakuta 720p. Sasa wewe 720p umeifungia mlango. 1080 gemu haina. Mashine ikashuka ngazi mpaka 480p, na kile kioo cheusi cha sekunde mbili ni TV ikibadilisha kutoka picha moja kwenda nyingine.

Piga hesabu uone ulichopoteza. 720p ni vitone 1280 kwa 720, yaani 921,600. 480p ni 720 kwa 480, vitone 345,600. Umebaki na zaidi kidogo ya theluthi, halafu TV inavivuta vijae kioo kizima. Lazima nyasi ziwe uji.

Tiba: kwenye menyu nenda kwenye ule mchoro wa mkoba wa vifaa, "Settings", kisha "Display Settings", kisha "Video Output Settings". Chagua HDMI. Ukiulizwa, chagua "Automatic". TV na PS3 huwa zinaambizana zenyewe kupitia waya wa HDMI nani anaweza nini, na tiki zitajipanga. Ukipenda "Custom", weka tiki kwenye 720p, 1080i na 1080p zote. Usiogope kuwa 720p itaishusha menyu, haishushi. Kila kitu kitatoka kwa ukubwa wake.

Ungeiacha ichague yenyewe siku ya kwanza usingekuwa hapa. Ila najua, hakuna mwanaume anayeacha setingi zijichague.

Kijiwe Namba 7

Dada samahani, mbona mimi Xbox 360 yangu nimeiweka 1080p peke yake na FIFA ileile inatoka 1080p? INFO inaandika hivyo kabisa.

Dada Waya

Kwa sababu Xbox 360 ina kifaa chake ndani cha kukuza picha. Gemu inachora 720p, kifaa kinaikuza mpaka ukubwa wowote uliochagua, TV inapokea 1080p na kuamini. PS3 kwa gemu nyingi haikuzi namna hiyo, inakutolea picha kama ilivyo na kuiachia TV kazi. Kwa hiyo ushauri wa mwenye Xbox ukiupeleka kwenye PS3 unaharibu, na ndivyo wengi walivyoharibu.

Na usijisifu sana na hiyo 1080p. Vitone vilivyochorwa ni vilevile vya 720p, au pungufu. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 inachorwa 1024 kwa 600, PS3 na Xbox zote. GTA IV kwenye PS3 ni 1152 kwa 640. Hata 720 haifiki, na tuliicheza mpaka pedi zikaisha ngozi bila kulalamika.

Kijiwe Namba 7

Dah. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa natambia namba.

Mzee wa Pedi

Kwa hiyo hakuna gemu ya PS3 yenye 1080 ya kweli? Si ndo nilichosema mimi, auze.

Dada Waya

Zipo, chache. Ridge Racer 7 ilitoka na PS3 yenyewe mwaka 2006 na ni 1080p halisi. Ila wateja wa Morogoro sidhani kama wanamlipa mtu 500 kuendesha magari ya Wajapani wakati FIFA ipo.

Chogo Halifi

Mimi nataka kuuliza kuhusu hiyo katoni. Banda, tafuta kile kijitabu cha TV, ukurasa wa mwisho wenye jedwali, uone imeandikwa kioo ni ngapi kwa ngapi.

Banda la Kona

1366 x 768. Hiyo ndiyo Full HD?

Chogo Halifi

Hapana. Full HD ni 1920 kwa 1080. Yako ni ile inayoitwa "HD Ready". Inapokea picha ya 1080p bila kugoma, ndiyo maana INFO inaandika 1920x1080, lakini ikishaipokea inaikunja mpaka itoshe kwenye kioo cha 1366. Aliyechapa katoni kaandika kinachoingia mlangoni, hajaandika kilichopo sebuleni.

Usihuzunike lakini. Kwa gemu za PS3 hicho kioo kinakufaa. 720p kwenda 768 ni kuvutwa kidogo tu. Kaa mita mbili uone kama kuna mtu atajua.

Tena kuna kichekesho: Xbox 360 kwa waya wa VGA, ule wa kioo cha kompyuta, inaweza kutoa 1360 kwa 768, karibu sawasawa kabisa na hicho kioo. Inabaki vitone sita tu vya upana.

Banda la Kona

Wakuu nimerudi na msiba mwingine. Ile ya kwanza nimeiweka "Automatic", nitaleta majibu. Sasa nikasema niihamishe na ya pili kutoka kwenye chogo nije nayo HDMI. Nimechomoa AV, nimechomeka HDMI, nimewasha, taa ya kijani ipo, TV imeandika "Hakuna Mawimbi". Nimebadilisha waya, nimeweka hadi ule wa dhahabu. Giza.

Dada Waya

Haijafa. Bado inatoa picha kwenye tundu la AV kwa sababu ndivyo ulivyoiacha. Izime mpaka taa iwe nyekundu. Kisha minya kitufe cha kuwasha usikiachie. Utasikia mlio mmoja, endelea kushika, zikipita kama sekunde tano utasikia wa pili. Achia hapo. Itarudisha setingi za picha kwenye ukubwa wa chini na kukuuliza kama utumie HDMI. Kubali.

Mimi watu wameshaniletea PS3 kama hizo wakisema kadi ya picha imeungua, mmoja alishakadiriwa bei ya kuchomelea upya.

Banda la Kona

Milio miwili. Imerudi. Dada Mungu akuzidishie.

Pemba Mtulivu

Mie nidandie hapohapo. Nina PS4 ya kawaida, si Pro, na TV ya 4K aloniletea ndugu yangu. Nikitafuta 4K kwenye setingi siioni. Nimeibiwa?

Dada Waya

Hujaibiwa. PS4 ya kawaida kwenye gemu mwisho wake ni 1080p, 4K ilikuja na Pro mwaka 2016. Iache 1080p wala usihangaike, maana kioo cha 4K kina mistari 2160, na 2160 ni 1080 mara mbili kamili. Kila kitone kinakuwa vinne, hakuna kukunjakunja.

Na siku ikikuzimikia kama ya Banda, kwenye PS4 unashika kitufe hivyohivyo mpaka mlio wa pili, ila itakuletea orodha. Chagua ya pili, ya kubadilisha ukubwa wa picha. Pedi iunge kwa waya wa USB, bila waya hapo haifanyi kazi.

Pemba Mtulivu

Ahsante, nimefahamu.

Chogo Halifi

Banda, turudi kwenye saa inayokatwa. Kwenye rimoti kuna kitufe cha kubadilisha umbo la picha. Kimekaa wapi?

Banda la Kona

Kimekaa "Zoom 1". Hiyo TV niliijaribu na king'amuzi kwanza, mechi ilikuwa na mistari myeusi pembeni, nikaivuta ijae. Nikasahau.

Chogo Halifi

Ndo hiyo. Weka 16:9. Kisha tafuta ndani ya menyu kitu cha kuonyesha picha nzima bila kukata kingo. Kila kampuni ina jina lake: LG wanaita "Just Scan", Samsung "Screen Fit", nyingine "Dot by Dot" au "1:1". TV nyingi zinakata kingo kidogo hata kwenye 16:9, tabia waliyorithi kwetu sisi machogo. Kwenye tamthilia hujui, kwenye gemu unapoteza saa au ramani.

Na kuhusu pedi, vijana wako wanasema kweli, waombe radhi. Chogo lilikuwa linapiga picha kwenye kioo palepale inapofika. Flati inaipokea, inaishika, inaisafisha, inaiongezea rangi, inalainisha mwendo, ndipo ikuonyeshe. Kwa 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, kila picha ni kama milisekunde 17. Ikishika picha tatu tu umepoteza 50, na hiyo kwenye penalti unaisikia mkononi. Tafuta "Game Mode" kwenye aina za picha. Inazima zile urembo zote. Kama haina, jaribu kuipa ile tundu la HDMI jina la "PC", baadhi ya TV zinaacha kuchezea picha ukifanya hivyo.

Mzee wa Pedi

Na waya wa dhahabu? Mimi nimetumia na naona tofauti.

Chogo Halifi

Unaona 25,000 zako. Waya wa HDMI ukiwa mbovu picha haifubai. Inakatikakatika, inatoa vimulimuli vyeupe, au inazima kabisa. Kama imetulia na haina vimulimuli, waya umeshamaliza kazi yake, uwe wa dhahabu au wa bati. Kwa mita moja na nusu ya bandani hauna cha zaidi cha kukuletea.

Banda la Kona

Leteni viti wakuu, narudisha majibu.

TV ya kwanza: INFO ndani ya FIFA inaandika 720p. Namba za jezi zinasomeka, jina la mchezaji chini linasomeka hadi kwa aliyesimama mlangoni. Saa ipo kamili. GTA V nayo 720p. "Game Mode" nimeipata ndani kabisa, chini ya setingi ya picha. Rangi zimepoa kidogo, sio ule wekundu wa dukani, ila kijana wangu mmoja kapiga penalti nne akafunga nne bila kuambiwa kuwa nimegusa kitu.

TV ya pili ni ndugu yake wa katoni moja lakini haina "Game Mode" kabisa, menyu yake tofauti, nadhani nimepigwa mara mbili. Nimeipa HDMI jina la "PC" kama Chogo alivyosema. Imepungua, haijaisha. Sasa kila mtu anataka TV ya kwanza, wanapanga foleni huku ya pili imekaa bure. Nafikiria ya pili niweke GTA, ya kwanza ibaki ya mpira.

Dada Waya

Fanya hivyo. GTA haina penalti.

Kijiwe Namba 7

Na ule waya wa 25,000 umeurudisha?

Banda la Kona

Nimekwenda na risiti. Kanionyesha kwa kidole chini kabisa: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sasa hivi umefunga king'amuzi cha mama watoto, anaangalia tamthilia kwa dhahabu.