Mark X: rimu za vipande vitatu au za kipande kimoja?

Mkoani_Juu
Assalaam alaykum. Nina Toyota Mark X, nataka kuivalisha rimu za inchi 18. Pahala pamoja wananiuzia seti ya vipande vitatu, mdomo wa kung'ara, zimetumika Japani, milioni 3.5. Pengine nimepata za kipande kimoja, mpya, milioni 1.6. Roho iko kwenye zile za vipande vitatu. Wenye kuzijua, zina ubaya gani? Fedha nataka kulipa Ijumaa.

Fundi_Mpira
Waalaykum salaam. Hujatwambia kitu, ndugu yangu. Mark X ipi, toleo la 120 au la 130? Upana gani, ofseti gani (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye gari)? Mipira imo au haimo? Na gari inalala wapi? Rimu za vipande vitatu zilizo karibu na fundi anayezijua, na hizo hizo zikavushwa Pemba, si kitu kimoja.

BintiKonde
Na kiwanda gani? Geuza rimu utizame nyuma. Ya Japani iliyo halali ina chapa ya JWL, yaani kipimo cha usalama cha Japani, na mara nyingi na VIA, ya wakaguzi, pembeni yake. Halafu tizama bolti. Zimejaa rimu ambazo bolti zake ni pambo, vichwa vimebandikwa usoni na nyuma hakuna kitu. Za kweli ukigeuza utaona nati au ncha za bolti, na mpira ukitolewa utaona mshono wa silikoni unazunguka ndani.

Mkoani_Juu
Ni 130. Rimu ni 18x8.5 (inchi 18, upana 8.5), ofseti +30. Muuzaji anasema Work Meister, za kiwanda cha Work cha Japani. Mipira haimo. Gari iko Mkoani, Pemba. Chapa sijatizama.

Fundi_Mpira
Basi anza na zilivyoundwa, maana ubaya wake wote unatoka hapo. Kwenye kipande kimoja, upepo unazuiwa na alumini yenyewe. Vipande vitatu ni uso, mdomo wa nje na pipa la ndani, vimeshikwa kwa bolti 30 mpaka 40 kila rimu, nyingi M7 au M8 (unene milimita 7 au 8). Katikati yao hakuna kinachozuia upepo isipokuwa uzi wa silikoni uliopakwa kwenye mfereji wa mshono. Silikoni inazeeka. Rimu ikipiga shimo vipande vinacheza kidogo, uzi unaachia. Utaona mpira unashuka pauni 3 mpaka 5 kwa wiki na msumari huuoni. Wengi hapo hukimbilia kukaza bolti. Haisaidii: bolti zinashika vipande tu, kuziba ni kazi ya silikoni.

Kuziba upya ni hivi. Toa mpira. Kwangua silikoni kuukuu yote kwa kijiti au plastiki, patasi usiiguse. Pangusa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe. Paka silikoni mpya duara zima bila kukata njiani, ibane kwa kidole iingie kwenye mfereji. Iache saa 24. Ndipo uvalishe mpira, utie upepo usiozidi pauni 40, uizamishe rimu kwenye maji utizame mapovu. Ikiwa vipande vimetenganishwa, bolti zikazwe kwa mtindo wa nyota, mizunguko miwili, wa kwanza nusu ya nguvu. Kipimo ni cha kiwanda; M7 nyingi huangukia Nm 20 mpaka 30 (Nm ni kipimo cha toki, nguvu ya kukaza). Tumia spana ya toki, usikubali mashine ya upepo. Bolti 40 mara rimu 4 ni bolti 160. Piga hesabu ya siku ya fundi.

Ami_Bububu
Na faida zitajwe. Mdomo ukipinda unabadilisha mdomo, hutupi rimu. Kipande kimoja kikipasuka, watu wanachomea, na joto la kuchomea linalegeza alumini pembeni ya pale palipochomewa. Siku ya pili panapasuka tena sentimita mbili kando. Rimu za BBS RS, za vipande vitatu, zilitoka 1983 na mpaka leo zipo barabarani kwa sababu zinafunguka. Tena ukibadilisha gari unabadilisha mdomo au pipa, ofseti inakufuata. Kipande kimoja kimekufunga maisha.

BintiKonde
Ami, kwa heshima, huo mdomo ataupata wapi? Kuagiza lazima ujue kiwanda, upana wa mdomo kwa nusu inchi, idadi ya matundu ya bolti na kipenyo cha duara lake. Ukikosea tundu moja haliingii. Halafu usubiri mzigo mpaka bandari ya Malindi, Unguja, na kutoka hapo boti ya Mkoani. Muda wote huo gari imekaa juu ya matofali.

Na kipande kimoja si lazima kiwe dhaifu. Rimu ya TE37 ya kiwanda cha Rays ni kipande kimoja cha kufuliwa (alumini iliyogandamizwa kwa nguvu, si kuyeyushwa na kumiminwa), ipo tangu 1996, na wenye mashindano wanaivalisha. Tafauti ni kufuliwa na kumiminwa, idadi ya vipande haikwambii ugumu. Vipande vitatu ambavyo uso wake umemiminwa vinaweza kuwa vizito kuliko kipande kimoja kizuri.

Wete_Gereji
Chumvi hamjaigusa, na kwetu ndiyo inayozimaliza. Kuna Crown moja hapa Wete ilivalishwa za vipande viwili, inchi 19. Rimu moja ikawa inashusha upepo. Ikazibwa kwa silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya sinki na choo. Silikoni ile ikikauka inanuka siki, kwa sababu inatoa asidi ile ile ya siki, na asidi inaila alumini. Inayotakiwa ni aina isiyo na asidi, ambayo ukiinusa siki huisikii. Haikupita miezi mingi mshono ukaota unga mweupe, silikoni ikanyanyuka juu ya unga kama ganda la kidonda.

Ikafunguliwa mara ya pili. Hapo ndipo lilipokuja la bolti. Zilikuwa za chuma kisichoshika kutu, zimeingia ndani ya alumini. Metali mbili mbali mbali zikigusana, na unyevu wa chumvi katikati, zinafanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Bolti zilikuwa zimegandana na matundu. Zikafunguliwa kwa mashine ya upepo: 3 zikakatika vichwa, matundu 7 yakatoka nyuzi. Vigogo vikachimbwa kwa drili ya mkono, drili ikaenda upande, tundu moja likawa pana. Rimu hiyo haikufunga tena. Rimu tatu zilizobaki hazina mnunuzi, maana aliyevunja moja ya aina hiyo hayuko kisiwani.

Dawa ilikuwa mapema. Bolti zitolewe moja moja, zisafishwe, zitiwe ute kidogo wa kuzuia kugandana, na ukitia ute upunguze toki, kwa sababu bolti yenye ute inavutika zaidi kwa nguvu ile ile.

Mkoani_Juu
Hili la siki sikulijua kabisa. Je, kwa +30 zitaingia?

Fundi_Mpira
Ukilinganisha na rimu ya upana wa inchi 8 yenye +45, hiyo yako itatoka nje milimita 21 zaidi, na ndani itarudi kama 9. Ndani salama. Nje, gari ikibeba watu wanne na ikapanda tuta, mpira utatafuta fenda. Pima kabla ya kulipa.

Mpira chukua 225/45R18: ubavu milimita 101, kipenyo 660, karibu sawa na mpira wa kiwanda wa 215/60R16 wenye 664. Ukiuziwa 225/40R18 kwa bei nafuu, ubavu ni 90, kipenyo 637; gari imeshuka karibu milimita 14 na spidi mita inaongopa kama asilimia 4. Kwa matuta yetu hizo milimita 11 za ubavu ndizo zinazookoa mdomo.

Wete_Gereji
Na nati. Za Toyota nyingi zina kitako bapa chenye washa. Rimu za nje zinataka nati ya koni yenye pembe ya digrii 60. Ukirudishia za kiwanda hazikai, zinalegea njiani. Stadi (bolti za gari zinazoingia nati) ni M12x1.5, kaza Nm 103, rudia baada ya kilomita 80. Tundu la katikati la rimu za Japani mara nyingi ni milimita 73, habu yako (kitovu cha gari kinachobeba rimu) 60.1, kwa hiyo tia pete ya kujaza nafasi. Mimi nashauri pete za plastiki. Za alumini zinashikana na habu kwa chumvi mpaka ugonge.

Ami_Bububu
Mdomo wa kung'ara tunza kwa mafuta ya nazi. Pangusa kila wiki, chumvi haishiki.

BintiKonde
Mafuta ya nazi yananasa vumbi la breki, ami, na vumbi lile lina chuma, linabaki madoadoa. Nta ya gari ni bora. Zaidi ya hapo, muulize muoshaji maji yake yanatoka wapi. Visima vingi vya pwani ni vya maji chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi. Suuza mwisho kwa maji ya mvua.

Ami_Bububu
Nta nayo inachomwa na jua. Mafuta ya nazi yapo kila nyumba.

Mkoani_Juu
Nimekwenda kutizama. JWL ipo, VIA ipo. Bolti za nyuma ni za kweli. Ila rimu moja ina bolti 6 ambazo rangi yake si kama nyengine, na kwenye mshono kuna mstari mweupe kama urefu wa kidole.

Fundi_Mpira
Hiyo imeshafunguliwa, na mstari mweupe unaweza kuwa ule unga aliousema Wete_Gereji. Ukwangue kwa kucha. Ukitoka kama chaki, alumini inaliwa. Ukivutika kama mpira, ni silikoni iliyomwagika tu. Muombe avalishe mpira kuukuu, atie pauni 35, aiache usiku kucha ndani ya pipa la maji.

Mkoani_Juu
Anasema hana mpira wa 18 wa kujaribia.

Wete_Gereji
Mimi ninao, 235/45. Niandikie faraghani nikupe wa kuuchukua. Na zile bolti 6 pima urefu wake kabla hujamrudia, kama ni fupi kuliko nyengine nambie.