Naomba ushauri: mashua yangu ina miashiri miwili (mbao za chini anamokaa mguu wa mlingoti)

Shikamooni wazee, habari mafundi. Nimenunua mashua kuukuu ya futi 24 hapa Lamu, mimi ni mwenyewe wa nne. Nilipotoa farumi (uzito wa kutuliza chombo) nikakuta miashiri miwili: wa asili, na mwingine umepigiliwa shibiri mbili nyuma yake, ndimo mlingoti uliposimama sasa. Nikienda joshi (kuukaribia upepo unakotoka) mashua inang'ang'ania kuelekea upepo, na kana, yaani mpini wa usukani, inanichosha mkono. Nashuku kusogezwa huko kwa mlingoti ndiyo sababu.

Tena mbao za tezi (upande wa nyuma) zimefunikwa faiba (fiberglass) kwa ndani (jamani!). Maji yakishaingia chini yake hayatoki, mbao zinaoza kimyakimya.

Aliyeniuzia anasema aliikuta hivyohivyo. Niurudishe mlingoti mbele, au kuna sababu ya kuusogeza nisiyoiona? Na faiba niibandue yote, au nitoboe kidogo kwanza nione?