Mwalo, sentrifuji au vati: tuchague nini kwa mawe yetu ya Nyarugusu?

MwanaNyarugusu

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha watu 11 wenye leseni ya uchimbaji mdogo karibu na Nyarugusu, mkoani Geita. Mawe yetu tunayasaga kwenye karasha la kukodi, tunayaosha kwenye mwalo, yaani mfereji wa mteremko uliotandikwa magunia ya mkonge, kisha tunakamata dhahabu kwa zebaki. Katika mifuko 100 tunapata wastani wa gramu 14, na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, tunamwachia mwenye karasha kama ilivyo desturi ya hapa. Hivi karibuni tumejua kwamba marudio yetu yameuzwa kwa mtu mwenye vati (tangi kubwa la kuchenjulia dhahabu) kwa fedha ambayo imetunyima usingizi, kwa kuwa inakaribia kile tunachobaki nacho sisi tuliotoka jasho ndani ya duara, yaani shimo la mgodi.

Tumechanga shilingi milioni 22. Mbele yetu kuna njia tatu: kununua mashine ya sentrifuji (inayotenga dhahabu kwa mzunguko) iliyokwisha kutumika, kukodi vati na kuchenjua marudio kwa sayanaidi (kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu), au kubaki na mwalo na kuuboresha. Mwenye sentrifuji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hizi.

FunduKaNgeita

Karibu, ndugu. Umetueleza fedha mliyo nayo na mashine mliyotafutiwa, lakini jiwe lenyewe hujalieleza, na jiwe ndilo litakaloamua. Mfuko wenu una kilo ngapi? Mawe ni yale mekundu yaliyooza au yamefika kwenye mwamba mgumu wenye salfaidi, yaani madini yenye salfa ambayo mara nyingi humetameta kwa njano? Mnasaga mpaka unga upite kwenye chekecheke ya ukubwa gani? Dhahabu mkiiona kwenye karai ni ya punje au ni ya vumbi? Marudio yamepimwa maabara au mnakisia kwa bei aliyotoa mnunuzi? Bila majibu haya, kila atakayekushauri atakuwa anakueleza mawe ya kwake.

MzeeItumbi

Mwanangu, usikimbilie mashine. Nimeosha dhahabu Chunya tangu ujana wangu, na nakuambia kwamba mialo mingi inapoteza dhahabu kwa sababu ya mikono inayoihudumia. Watu hulaza mwalo kwa mteremko mkali ili kazi iishe haraka, humimina unga kwa ndoo nzima nzima, na gunia hulibadilisha mara moja kwa siku. Gunia likishajaa mchanga mzito haliwezi tena kushika kitu, na dhahabu inayokuja baadaye hupita juu yake kama maji yanavyopita juu ya kigae.

Punguzeni mteremko, chekecheni unga kabla ya kuuosha ili punje kubwa za mwamba zisisukume chembe ndogo za dhahabu, mimineni kidogo kidogo kwa mkondo usiokatika, na gunia la juu lioshwe kila baada ya saa moja. Hayo hayagharimu hata milioni moja.

MamaMarudio

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu mwalo, ila nasikitika kuona kwamba hakuna aliyegusa zebaki. Mimi niliwahi kuosha marudio nyumbani kwangu, nikichoma zebaki kwenye kikaango kilekile cha bati nilichokiweka jikoni, watoto wakiwa wamelala chumba cha pili. Siku nilipoelezwa kwamba moshi ule hauonekani na kwamba unanata kwenye kuta na kwenye nguo, nilikaa chini nikalia.

Ndugu MwanaNyarugusu, njia yoyote mtakayochagua, jengeni hatua ya mwisho isiyohitaji zebaki. Wachimbaji wa Benguet kule Ufilipino huosha makinikia yao (mchanga mzito wenye dhahabu) mpaka yabaki machache na mazito, kisha huyayeyusha pamoja na boraksi, ambayo husaidia takataka kuyeyuka kwa urahisi na kuachana na dhahabu. Nimefanya hivyo kwa makinikia ya gramu mia na kidogo, nikapata tone safi. Inahitaji subira kwenye karai na moto mkali, na boraksi inapatikana kwa mafundi wa vito.

FunduKaNgeita

Dada, boraksi ni njema kwa dhahabu inayoonekana kwa macho na kwa makinikia machache. Kama makinikia yamejaa salfaidi, utapata shida kubwa kuyasafisha mpaka yafae kuyeyushwa. Ndiyo maana nasisitiza tuambiwe aina ya jiwe.

MwanaNyarugusu

Nashukuruni wote. Mfuko wetu ni wa kilo 50, kwa hiyo mifuko 100 ni tani 5. Juu mawe yalikuwa mekundu na laini, lakini tangu tulipofika mita 38 yamekuwa ya kijivu, magumu, yenye vimulimuli vya njano ambavyo vijana hudhani ni dhahabu. Chekecheke hatutumii, mwenye karasha huangalia unga kwa vidole. Marudio hatujawahi kuyapima.

Kaboni_Kahama

Hapo kwenye mita 38 ndipo nilipoingia kaburini mimi, kwa hiyo naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Mwaka 2019 nilikuwa na tani 45 za marudio yaliyotokana na mawe ya kijivu kama hayo. Mtu mmoja mwenye mavati alinihakikishia kwamba sayanaidi inatoa kila kitu, tukakubaliana kugawana. Hakuchukua sampuli yoyote. Marudio yalipakiwa na kumwagwa ndani ya vati yakiwa yamejaa udongo wa mfinyanzi, bila kuchanganywa na saruji wala chokaa ili yafungamane kuwa vibonge na kuacha nafasi ya maji kupita. Maji ya dawa yalipomwagwa juu yalituama pale kama bwawa kwa siku nne, na chini kwenye bomba yalitoka matone ambayo ungeweza kuyahesabu.

Chokaa iliwekwa kwa kukisia. Karatasi za kupimia pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, hazikuwepo. Wanaojua kazi hii hushikilia pH ya 10.5 hadi 11, kwa sababu ikishuka chini ya 10 sayanaidi huanza kugeuka gesi yenye sumu na kuruka hewani, na salfaidi zikikutana na hewa na maji hutoa asidi inayoishusha pH hiyo kila siku. Jioni ya siku ya tano kijana aliyekuwa akizungusha maji alisema kichwa kinamzunguka, akaketi kwenye ukingo wa vati, nasi tukamvuta nje akiwa hana nguvu za kusimama. Mungu alimnusuru. Sitasahau nilivyomshika mkono ukiwa wa baridi, huku nikijua kwamba hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa na dawa ya kumsaidia.

Baada ya wiki tatu kaboni, yaani mkaa unaonasa dhahabu kutoka kwenye maji ya sayanaidi, ilipelekwa ilusheni ili dhahabu hiyo itolewe, tukapata gramu 31. Kutoka hapo zilikatwa gharama za sayanaidi, ambayo ilikuwa imetumika kupita kiasi, pamoja na chokaa, usafiri na ilusheni yenyewe. Nilirudi nyumbani na deni. Mwezi mmoja baadaye mjiolojia aliyapitia mawe yangu, akanionyesha ukungu wa kijani kwenye nyufa zake. Ilikuwa ni shaba, na shaba ya aina ile hula sayanaidi kabla dhahabu haijapata sehemu yake. Ukungu huo tulikuwa tukiuona kila siku, na tulikuwa tukifurahi kwa kuwa wazee walitwambia ni dalili ya mali.

MzeeItumbi

Pole sana, mwanangu. Basi ndiyo sababu nasema sayanaidi si kazi ya mchimbaji mdogo.

FunduKaNgeita

Mzee wangu, kwa heshima, hapo tunatofautiana. Kilichomwangusha ndugu yetu ni kuanza na tani 45 kabla ya kujaribu kilo moja. Jaribio la chupa lingemweleza yote ndani ya siku mbili: unga huwekwa kwenye chupa pamoja na sayanaidi na chokaa, chupa huzungushwa kwa saa 24 hadi 48, kisha hupimwa dhahabu iliyoyeyuka na sayanaidi iliyotumika. Mawe yenye shaba yangejionyesha pale pale. Tena sayanaidi ni kazi ya kisheria yenye leseni ya uchenjuaji, usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na masharti ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Vati lisilo na hivyo vyote si la kulisogelea.

MjiolojiaMstaafu

Nimefuatilia mjadala kwa makini. Ndugu MwanaNyarugusu, kabla ya kutoa hata shilingi, fanya jambo ambalo halihitaji mashine. Chukua marudio yako, yachekeche, uyaoshe kwenye karai. Ukiona dhahabu, tatizo lako ni mwalo, na ushauri wa Mzee ni sahihi. Usipoiona, chukua marudio hayohayo uyasage tena mpaka yawe laini kama unga wa ngano, uyaoshe tena. Ikiwa dhahabu itaonekana safari hii, tatizo ni usagaji, kwa maana chembe zilikuwa bado zimefungwa ndani ya mwamba, na hakuna mwalo wala sentrifuji itakayoshika dhahabu iliyo tumboni mwa jiwe jepesi. Ikiwa bado huioni lakini maabara inasema ipo, basi ni laini mno au imefungwa ndani ya salfaidi, na hapo ndipo maswali ya sayanaidi yanapoanza.

Sentrifuji inafanya kazi kwa tofauti ya uzito, sawa na mwalo. Dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji na kwazi, jiwe la kawaida linalobeba dhahabu, mara 2.65, mashine huikuza tofauti hiyo kwa mzunguko, hivyo hushika chembe ndogo ambazo mwalo huziachia. Lakini inahitaji maji safi yenye msukumo usiobadilika, umeme wa uhakika na unga uliochekechwa. Je, mna maji kiasi gani wakati wa kiangazi? Hilo nalo hujalieleza.

Kuhusu sampuli, usichote juu ya lundo. Toboa kwa bomba kutoka juu mpaka chini sehemu nyingi, changanya, gawa kwa robo mpaka ubaki na kilo mbili au tatu, na peleka zaidi ya moja. Punje moja tu ya dhahabu ikiingia au ikikosekana kwenye kipimo cha gramu 50, majibu yatakudanganya.

MamaMarudio

Naongeza jambo kuhusu vati. Marudio hayo yamekwisha kuguswa na zebaki. Mkataba wa Minamata wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataja kuchenjua kwa sayanaidi vitu vilivyotiwa zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa desturi mbaya zinazopaswa kukomeshwa. Zebaki huyeyuka ndani ya sayanaidi, husambaa na maji, nyingine hupanda kwenye kaboni na kutoka tena wakati wa ilusheni na uyeyushaji. Anayenunua marudio yetu anaununua na ugonjwa wetu.

Kaboni_Kahama

Dada amenena kweli, lakini niulize jambo lingine linaloniumiza. Kwa nini marudio yawe ya mwenye karasha? Mchimbaji analipa kusagiwa, kisha anaacha zaidi ya nusu ya dhahabu yake kwenye uwanja wa mtu.

FunduKaNgeita

Mimi nina karasha, kwa hiyo nitajibu kwa uwazi. Bei ya kusaga inakuwa ndogo kwa sababu marudio yanabaki. Vyuma vya kusagia vinalika, mota inaungua, na mchimbaji mara nyingi hana fedha mkononi. Akitaka kuondoka na marudio yake, alipe bei kamili na ayabebe. Sijamkatalia mtu.

Kaboni_Kahama

Wewe hujamkatalia, ndugu, lakini kwetu nimeona watu wakifungiwa geti. Tena mwenye karasha anayejua kwamba marudio ni yake hana sababu ya kusaga mpaka mwisho. Kadiri anavyosaga kwa unene, ndivyo dhahabu inavyobaki upande wake.

FunduKaNgeita

Hilo la kusaga kwa unene siwezi kulikana kwa makarasha yote. Ndiyo maana mteja aje na chekecheke yake.

MwanaNyarugusu

Nimerudi, ndugu zangu, samahanini kwa kukaa kimya. Mwenye sentrifuji tulimwomba muda, naye amekwisha kumuuzia mtu mwingine. Tulipeleka sampuli tatu za marudio kwa mpango aliotuelekeza Mjiolojia. Majibu ni gramu 4.6, 7.1 na 3.9 kwa tani, yaani wastani wa 5.2. Sisi tunapata 2.8 kwa tani, kwa hiyo kama vipimo ni sahihi, jiwe letu lina takriban gramu 8 na tunashika asilimia 35 tu. Kila mifuko 100 tunaacha gramu 26 uwanjani. Nilipowasomea wenzangu hesabu hiyo, mzee mmoja wa kikundi aliinuka akatoka nje bila kusema neno.

Kwenye karai, marudio ya kawaida hayakuonyesha kitu. Tulipoyasaga upya, ulijitokeza mkia mwembamba wa dhahabu, mfupi kuliko tulivyotarajia. Maji yanapungua sana kuanzia Julai.

MjiolojiaMstaafu

Basi sehemu ya tatizo ni usagaji, na sehemu ya dhahabu bado imefungwa. Tofauti kati ya 7.1 na 3.9 ni kubwa. Ningependa sampuli tatu nyingine. Fanyeni pia jaribio la chupa kwa jiwe ambalo halijaguswa na zebaki, na angalieni ukungu wa kijani.

MzeeItumbi

Mimi bado nasema anzeni na mwalo na chekecheke.

FunduKaNgeita

Na mimi nasema fedha hiyo iende kwenye karasha lenu wenyewe, la kusaga kwa maji, ambalo pia litawaepusha na vumbi la mwamba kwenye mapafu. Unga upite kwenye tundu lisilozidi mikroni 106 (takriban sehemu ya kumi ya milimita), kisha mpime tena.

Kaboni_Kahama

Kabla ya yote hayo, MwanaNyarugusu, marudio mliyoyapima yako wapi sasa? Yako kwenu au bado yako uwanjani kwa mwenye karasha?

MwanaNyarugusu

Bado yako kwake, na tangu alipotuona tukitoboa lundo kwa bomba ameweka mlinzi. Kuna yeyote aliyewahi kuandikishiana na mwenye karasha mkataba wa marudio, na aliupitishia wapi?