Historia ya samurai Japani: siku nne nikiwa Kyoto, niende wapi?

Bahari_Kuu
Wakuu, habari za saa hizi. Nitakuwa Kyoto siku nne mwishoni mwa mwezi wa 11. Nataka kuona historia ya samurai yenyewe, si yale mambo ya kuvalishwa deraya na kupigwa picha. Kila ninapouliza naambiwa ngome ya Osaka. Inafaa? Na kuna mahali popote panapomhusu Yasuke, yule Mwafrika aliyemtumikia mbabe wa vita wa Japani? Natumia treni, gari sitakodi. Pasi ya reli ninunue au niachane nayo?

Zege_Hapana
Mkuu, Osaka usiipe siku nzima. Mnara ule ni wa zege, umejengwa 1931, na ndani kuna lifti. Cha maana pale ni kuta za mawe na mahandaki ya maji, na hivyo unavitazama kwa nje bila kulipa. Nagoya ndiyo usiiwaze kabisa: mnara uliteketea kwa mabomu 1945, ukajengwa tena kwa zege 1959, na tangu 2018 hauingiliki.

Japani nzima imebaki minara mikuu 12 ya asili. Mitano kati yake ni Hazina ya Taifa: Himeji, Matsumoto, Inuyama, Hikone na Matsue. Ukiwa Kyoto, inayofikika kwa urahisi ni Himeji na Hikone.

Anza na Himeji, iliyokamilishwa na Ikeda Terumasa mwaka 1609. Panda Shinkaisoku, treni ya haraka isiyodai nauli ya ziada. Ni kama saa moja na nusu bila kubadilisha, kisha dakika 20 kwa miguu, barabara imenyooka. Usikimbilie mnarani. Ile njia ya kupanda ndiyo somo lenyewe: inapinda, inabanwa na milango, mahali pengine inakurudisha nyuma, ili adui azunguke huku akilengwa ubavuni. Angalia matundu ukutani. Yale marefu ya mstatili ni ya mishale. Ya duara, pembetatu na mraba ni ya bunduki.

Ndani unavua viatu na kuvibeba mwenyewe kwenye mfuko. Ngazi ni za mbao, zimesimama na zimelainika kwa kukanyagwa, kwa hiyo soksi za kuteleza zitakuadhibu wakati wa kushuka. Begi kubwa liache kwenye makabati ya stesheni. Kuanzia Machi 2026 mtu mzima asiye mkazi wa Himeji analipa yen 2,500; zamani ilikuwa 1,000. Mwisho wa kuingia ni saa 10 jioni.

Reli_ya_Biwako
Naongezea upande wa mashariki, maana wengi hawajui kwamba reli moja tu inakupitisha Azuchi, Hikone na Sekigahara.

Hikone ni ngome ya ukoo wa Ii, wale wa deraya nyekundu kuanzia kofia hadi miguuni. Jumba la makumbusho lililo chini ya ngome linazionyesha, na watu wengi hulipita wakiwahi mnarani. Ngazi za humo ni kali kuliko za Himeji, zinazidi nyuzi 60: shuka ukiziangalia ngazi, mgongo nje, kama unavyoshuka darini.

Sekigahara ni uwanja wa vita: ndipo Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuitawala Japani, alipomshinda mpinzani wake Ishida Mitsunari, tarehe 21 Oktoba 1600. Pita kwanza kwenye makumbusho ya vita, dakika 10 kutoka stesheni, kisha panda ghorofa ya juu uuone uwanja wote. Bila hivyo utaona mashamba na vibao tu, urudi ukilalamika. Halafu kodi baiskeli hadi Sasaoyama, kilima alipopanga Ishida. Ukisimama hapo, angalia kusini: mlima ule ni Matsuoyama, alikokuwa Kobayakawa Hideaki. Alipowageuka wenzake na kushuka na jeshi lake, upande wa Ishida ukavunjika siku hiyohiyo. Makumbusho hufungwa Jumatatu. Ikiwa Jumatatu ni sikukuu, hufungwa kesho yake.

Sasa pale watu wanaponaswa. Kadi ya nauli, ile ya kugusa getini, haivuki stesheni ya Maibara, kwa sababu ng'ambo yake ni kampuni nyingine ya reli. Ukigusa Kyoto ukashukia Sekigahara, geti halifunguki na unaanza kuelezana na mhudumu. Nunua tiketi ya karatasi toka mwanzo. Pasi ya reli ya taifa achana nayo: Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda hadi yen 50,000, na safari fupi hizi hazikaribii hapo.

Mpenda_Nyaraka
Kuhusu Yasuke, hakuna kaburi wala jumba lake. Alifika Japani 1579 pamoja na mmisionari Valignano, akaonana na mbabe wa vita Oda Nobunaga 1581 na kubaki kumtumikia. Maandishi ya Wajesuti (shirika la wamisionari Wakatoliki) ya karne ya 17 yanasema alitoka Msumbiji. Kama alikuwa samurai kamili au la, wanahistoria bado wanabishana, ila alilipwa posho, akapewa nyumba na upanga mfupi.

Unachoweza kufuata ni nyayo za bwana wake. Hekalu la Honnoji lililopo leo karibu na ukumbi wa jiji la Kyoto siko Nobunaga alikofia Juni 1582. Lilihamishiwa hapo baada ya kifo chake. Mahali penyewe ni kusini-magharibi zaidi, na utakuta nguzo ya mawe tu kando ya barabara.

Azuchi, ilipokuwa ngome ya Nobunaga, ni bora. Ngome iliungua 1582, lakini ngazi ya mawe aliyoijenga Nobunaga ipo na unaipanda hadi msingi wa mnara. Makumbusho ya karibu yana nakala ya ghorofa mbili za juu, nyekundu na dhahabu, iliyotengenezwa kwa maonyesho ya Seville 1992. Shinkaisoku haisimami Azuchi. Badilisha Omi-Hachiman, uchukue treni ya kawaida, kituo kimoja.

Bahari_Kuu
Asanteni sana wakuu. Azuchi, Hikone na Sekigahara kwa siku moja vipi?

Reli_ya_Biwako
Hapana. Mwezi wa 11 jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Azuchi na Hikone siku moja, ukianza Azuchi asubuhi. Sekigahara ipe siku yake, Himeji yake. Ya nne ibaki akiba ya mvua, kwa sababu mawe ya Azuchi yakilowa hayapandiki kwa raha.