Eti "mbona mmefika salama?" Nahodha alitupeleka baharini huku utabiri mbaya ameusoma

Wakuu, nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Tulikodi boti ya matanga pamoja na nahodha wake, mimi na marafiki zangu, tuambae na pwani na kulala kwenye vibandari vya njiani. Siku ya kurudi bahari ilichafuka, tukaponea chupuchupu. Nilipopeleka malalamiko kwa wenye boti nilijibiwa maneno matatu tu: "Mbona mmefika salama?"

Jibu hilo limeniudhi kuliko mawimbi yenyewe. Kufika kwetu hakuhalalishi uamuzi wa kutoka.

Utabiri ulikuwepo, na tuliusoma sote asubuhi kabla hatujafungua kamba: upepo wa kilomita 40 kwa saa ifikapo mchana, mawimbi ya mita 2. Rafiki yangu mmoja aliuliza kwa adabu kama si heri tungoje kesho yake. Nahodha akasema boti lazima irudi jioni, kuna wateja wengine wanaisubiri. Yaani roho zetu zilipimwa kwa ratiba ya watu tusiowajua!

Akaongeza kwamba mita 2 si kitu. Mtu analipwa kubeba abiria, halafu hajui mita 2 za utabiri maana yake nini? Ile ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi. Wimbi mojamoja linaweza kukaribia maradufu ya hapo. Upepo nao, kasi ikizidi mara mbili, nguvu inayosukuma tanga huzidi mara nne. Ndiyo maana tanga hupunguzwa mapema, boti ikiwa bado imetulia. Yeye alitoka na tanga zima.

Tulipoizunguka rasi tukakuta mkondo wa maji unakwenda kinyume na upepo. Hapo mawimbi husimama wima na kufuatana karibukaribu, jambo ambalo nahodha yeyote wa pwani anapaswa kulijua kabla ya kufika. Boti ikalala ubavu, usukani ukamshinda, ndipo akaanza kutupigia kelele tupunguze tanga. Sisi abiria, ambao hakuna aliyetuonyesha hata kamba ipi inashusha nini! Mmoja wetu akatambaa hadi kwenye mlingoti, sitaha imelowa, hana hata kamba ya kujifunga, kwa sababu ameamriwa. Boriti ya tanga ikageuka ghafla upande wa pili, ikapita juu ya kichwa chake. Angekuwa amesimama, leo ningeandika habari ya msiba.

Jaketi okozi zilikuwepo, sikatai. Zilikuwa chini ya viti vya ndani, zimefukiwa na mizigo, na tulizichimbua huku wengine wanatapika. Kuvaa jaketi kwenye boti inayorushwa huku na huku ni kazi ngumu. Ukishaangukia majini ndiyo karibu haiwezekani kabisa. Zilitakiwa ziwe miilini mwetu kabla ya kuondoka, basi.

Injini nayo ikazimika tulipoihitaji. Fundi aliyeifungua baadaye alikuta chujio la mafuta limeziba kwa uchafu. Tangi lisilosafishwa hujikusanyia mashapo chini. Bahari ikitulia huwezi kujua, ikichafuka mashapo hayo yanakorogeka na kuingia kwenye mipira ya mafuta. Kwa hiyo wasiniambie habari ya bahati mbaya, huo ni uzembe wa kabla ya safari. Na redio je? Chaneli 16 ndiyo ya dharura, lakini hakumwarifu mtu yeyote tulipo mpaka rafiki yangu alipomkalia kooni.

Najua kuna watakaokuja kusema jamaa ni mzoefu. Mwaka 1979 dhoruba iliyakuta mashindano ya boti za matanga ya Fastnet, huko Uingereza, boti 303 zilikuwa zimeanza, na washindani 15 wakafa. Hao walikuwa watu wa matanga hasa, si abiria wa mapumziko. Uzoefu wenye faida kwa abiria ni ule unaomfanya nahodha aseme "leo hatutoki", hata kama tajiri yake atanuna.

Nimewaandikia tena wenye boti. Sidai pesa zangu. Nataka mkataba wao useme wazi kwamba hali ya hewa ikiwa mbaya boti inabaki bandarini, na mteja hatozwi faini ya kuchelewa wala nahodha hakatwi mshahara. Nataka pia huyu bwana asipewe abiria mpaka apimwe upya. Hawajajibu mpaka sasa.

Kama uliwahi kukodi boti yenye nahodha na mkataba wako ukawa na kifungu cha hali ya hewa, kiweke hapa tukione kimeandikwaje. Na kama nawe ulipelekwa baharini kwa sababu ya ratiba ya mteja anayefuata, sema.