Uwazi ndani ya Piramidi ya Khufu: watoboe waone, au waache?

Wakuu, tangu 2017 inajulikana kwamba juu ya ule ukumbi mrefu unaopanda ndani ya Piramidi ya Khufu, kule Giza nchini Misri, kuna uwazi wa mita zisizopungua 30. Hakuna aliyeuona kwa macho. Mradi wa ScanPyramids uliugundua kwa muoni, chembe zinazozaliwa miale ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa yetu. Zinapenya mawe, ila jiwe huzipunguza. Zikifika nyingi kuliko zilizotarajiwa, ujue huko juu pana uwazi.

Sasa wapo wanaosema ipitishwe drili, iingizwe kamera, yaishe. Mimi napinga. Mwaka 1837 Mwingereza Howard Vyse alikuwa na haraka hiyohiyo, akalipua kwa baruti hadi akavifikia vyumba vinne juu ya chumba cha mfalme. Vyumba alivipata, sikatai. Mawe aliyoyapasua nani atayarudisha?

Mchangiaji: Mkuu, baruti kaitaja nani? Tunazungumzia tundu la kupita kidole, kwenye mlima wa mawe zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2002 roboti ilitoboa lile jiwe lenye vipini vya shaba kwenye mfereji wa chumba cha malkia (jina tu hilo, hakuzikwa malkia mle). Piramidi ilianguka? Na hiyo muoni yako haisemi ndani kuna nini.

Mleta mada: Kwenye muoni umenibana, haisemi. Piramidi haikuanguka pia. Ila walikuta nini nyuma ya jiwe lile, tena dunia ikitazama kwenye televisheni? Jiwe jingine! Tundu likabaki.

Linganisha na 2023. Upande wa kaskazini, nyuma ya yale mawe yaliyoegemeana juu ya mlango wa asili, vipimo vilionyesha ujia wa mita 9. Wakatafuta mwanya uliokuwapo tayari kati ya mawe, wakapenyeza kamera ya milimita 6. Ikaonekana dari iliyochongoka kama paa la nyumba, kuta za mawe yaliyochongwa kijuujuu, na hakuna kitu ndani. Drili haikuguswa.

Mchangiaji: Huo ulikuwa karibu na uso wa nje, mkuu. Huu mkubwa uko ndani kabisa, mwanya utautoa wapi?

Mleta mada: Ndiyo maana nakuuliza wewe unayetaka kutoboa. Utaanzia wapi, kwenye dari ya ukumbi wanakopita watalii kila siku?