Farasi wangu anaumwa tumbo mara kwa mara, nibadilishe nini kwenye chakula?

mtoNile
Habari zenu wadau. Niko nje kidogo ya Jinja, nina farasi jike wa miaka 11, kilo kama 400 hivi, wikendi anabeba wageni. Mwezi huu tumbo limemshika mara 2. Ya kwanza saisi (mtunza farasi wangu) alinipigia usiku anasema farasi anaparura chini kwa mguu wa mbele, anageuka kuangalia ubavu, anataka kugaragara na mavi hajatoa tangu saa 10 jioni. Nilipofika shingo yote imelowa jasho, nilimwonea huruma sana. Daktari wa mifugo alikuja akamchoma sindano akatulia, wiki 2 tena yaleyale. Anakula pumba na mahindi ya kuparaza, ndoo ya lita 10 jioni kwa mpigo, mchana majani mabichi ya napia. Hei, yaani majani makavu, niliacha mvua zilipoanza maana majani yamejaa kila mahali bure. Nakosea wapi jamani?

MzeeWaZizi
Pole sana ndugu. Hapo kwenye kuacha hei ghafla na hiyo ndoo ya jioni ndipo penye shida. Farasi si ng'ombe, hacheui, tumbo lake dogo na limeumbwa kupokea majani kidogo kidogo mchana kutwa na usiku pia. Ukimjazia mahindi mengi mara moja, wanga mwingine unapita haujasagika unashuka mpaka utumbo mpana, kule unachacha, gesi na asidi zinajaa, ndiyo maumivu hayo. Huyo wa kilo 400 anatakiwa apate kilo 6 mpaka 8 za majani makavu kwa siku, hiyo ndiyo iwe chakula chenyewe. Nafaka mpe kidogo sana, isizidi kilo 1 kwa mlo, ugawe mara 2 au 3, na kwa kazi ya wikendi tu mimi hata ningeitoa kabisa. Halafu usibadilishe leo kwa leo! Hei mpya ianze robo, uongeze taratibu kwa siku 10 mpaka 14, wale wadudu wadogo wa tumboni wanaosaga majani wanahitaji muda kuzoea.

nyabo_wa_Mukono
Naongezea, hiyo napia mnaikata saa ngapi? Sisi tulikuwa tunakata asubuhi inakaa kwenye gunia mpaka jioni, siku moja nikaingiza mkono katikati ya gunia nikakuta moto kama uji, kumbe yalikuwa yameanza kuchacha na ndiyo tulikuwa tunamlisha. Na mahindi uyanuse kabla, yenye ukungu usimpe hata kidogo, yanaua farasi. Chakula cha kuku pia usijaribu, kingine kina dawa ambayo kwa kuku ni sawa, kwa farasi ni sumu ya moyo.

mtoNile
Dah nyabo hilo la gunia ndilo letu kabisa, saisi amekulia na ng'ombe kule Mbarara na ng'ombe walikuwa wanakula bila shida. Mzee asante. Maji je, yanachangia?

MzeeWaZizi
Sana. Asipungukiwe, anaweza kumaliza lita 30 kwa siku na jua likiwaka zaidi, pipa lioshwe maana maji yenye utelezi wanayakataa, na umwekee jiwe la chumvi. Akiumwa tena mwondolee chakula chote, mwite daktari palepale, usingoje asubuhi. Sindano ya maumivu usimchome mwenyewe, inaficha maumivu na daktari akija hajui utumbo umejisokota au la.

mtoNile
Narudi baada ya wiki 3. Nimenunua marobota ya hei, yako kwenye wavu anachomoa kidogo kidogo hata usiku, mahindi nimeacha, napia anapewa ikiwa imekatwa muda huohuo. Mavi yanatoka mabonge mazuri mara 8 au 9 kwa siku, saisi anahesabu kila siku na kuniandikia. Tumbo halijamshika tena mpaka leo.